Hotipoti ya Saa Nne

Saa nne asubuhi, Vuga, Zanzibar, makarani wanatoka nje hata kabla mama wa chai hajaitua hotipoti yake barazani. Ndani mna chapati, sambusa za nyama, kachori na maandazi ya iliki. Chai ya maziwa imeshatiwa sukari huko huko nyumbani, tena ya kutosha. Punde si punde hotipoti imebaki mafuta na makombo, na watu wamerudi vitini, watakaa hapo hadi saa tisa na nusu.

Kutoka baraza hiyo hadi kliniki ya kisukari ya hospitali ya Mnazi Mmoja ni mwendo mfupi wa miguu. Nani hapa hana mjomba au shangazi anayekwenda huko na kadi yake?

"Shikamoo, mama. Mbona matunda huleti?"

"Marahaba, mwanangu. Papai nikishalikata, lisiponunuliwa ni hasara yangu. Chapati ikibaki, wanangu wataila usiku."

Jibu lake lina uzito kuliko bango lolote la afya ukutani. Darajani, kwenye soko lililojengwa mwaka 1904, mapapai, mabalungi na ndizi za pukusa zimejaa tele. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Bakuli la papai na ndizi moja saa nne ni karibu nusu ya kiwango hicho. Kinachokosekana ni mtu wa kubeba hasara ya papai lililobaki.

Mwaka 2005 Shirika la Kazi Duniani lilichapisha kitabu cha Christopher Wanjek kuhusu chakula kazini, kinachozungumzia migahawa ya wafanyakazi, vocha za chakula na wachuuzi wa jirani. Kwetu, naamini kabisa, pa kuanzia ni kwa wachuuzi. Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na kuongeza jiko katika majumba haya ya mawe si jambo jepesi. Mama yupo tayari, anajulikana, anaaminiwa. Ofisi imlipe sinia la matunda kabla ya siku yenyewe, muhogo wa kuchemsha uingie zamu na maandazi, na sukari iwekwe kando, kila mtu ajitilie.

Malindi, bandarini, mambo ni mengine. Hamali mmoja alikula chapati tatu na maharage, jasho likimtiririka, na kwa kazi ile anazihitaji zote. Kiu yake ndiyo iliyonitia uchungu: aliizima kwa soda, maana maji ya kunywa hayakuwapo karibu. Tajiri anayemlipa kwa gunia hajihesabu kuwa mwajiri wake, kwa hiyo mpango wowote wa lishe kazini utampita. Ndoo ya maji safi yenye bomba, iliyowekwa kivulini pale wanapopakulia, bei yake haifiki hata ya gunia moja la mchele analolibeba.