Kupanda na Mto Thames Kuwatafuta Malkia Sita

Asubuhi ya Juni, hali ya hewa ya London huwa bado haijajua inataka nini. Manyunyu yanaanguka, jua linachungulia, manyunyu yanarudi, na wenyeji wanapita na vikombe vyao vya kahawa bila hata kufungua mwavuli. Ukipanda ngazi za kituo cha Tower Hill, ngome ya Tower inakukabili uso kwa uso: kuta za mawe ya kijivu, handaki pana lililoota majani, na nyuma yake mto Thames. Harufu ya mto huo ndiyo iliyonipokea kwanza. Sisi watu wa pwani tunaijua harufu ya maji yaliyokupwa, tope na mwani na kamba zilizolowa. Sikutarajia kuinusa katikati ya jiji hili. Kumbe bahari hupanda mpaka hapa, na wakati wa bamvua maji kwenye Daraja la London hupanda na kushuka kiasi cha mita saba.

Nilikusudia kuufuata mto kwenda juu kwa siku moja: ngome asubuhi, kanisa mchana, kasri jioni. Mto huu ndio uliokuwa barabara kuu ya Mfalme Henry wa Nane, aliyetawala Uingereza tangu 1509 hadi 1547 na kuoa wanawake sita, sababu kubwa ikiwa ni kutafuta mrithi wa kiume. Maharusi walipitishwa humu kwa mashua zilizopambwa, na waliohukumiwa kufa nao walipitishwa humu humu.

Foleni ya tiketi ilikuwa ndefu. Mama aliyesimama mbele yangu aliusogeza mwavuli wake unifunike nusu, bila kusema neno, kana kwamba tumetoka nyumba moja. Ndani tulipokewa na mmoja wa walinzi wanaoitwa Beefeater, mzee wa ndevu nyeupe aliyevaa vazi la buluu lenye mistari myekundu. Kazi hii hupewa askari wastaafu waliotumikia jeshi kwa miaka isiyopungua 22, na wao na familia zao huishi humu ndani ya kuta. Sauti yake haikuhitaji kipaza sauti. Alituuliza tumetokea wapi. Nikasema Mombasa, akatangaza kuwa mimi ndiye mgeni wa mbali kuliko wote. Waaustralia wawili wakapinga kwa kelele, kundi zima likacheka, naye akangoja kicheko kiishe ndipo akaanza habari za Anne Boleyn.

Mwaka 1533 Anne alikuja hapa kwa mashua kutoka kasri la Greenwich, mizinga ikilia, mimba ya Elizabeth tumboni, kujitayarisha kuvikwa taji. Tarehe 2 Mei 1536 akaletwa tena kutoka Greenwich kwa mto ule ule, safari hii akishtakiwa uzinzi na uhaini, mashtaka ambayo wanahistoria wengi huyaona ya kubuniwa. Tarehe 19 alikatwa kichwa kwa upanga, si kwa shoka, na fundi aliyeagizwa kutoka ng'ambo kwa kazi hiyo moja. Siku 11 baadaye mfalme alikuwa amekwisha oa tena. Bibi arusi alikuwa Jane Seymour, mpambe wa marehemu.

Penye uwanja wa majani pana kumbukumbu ya kioo, na juu yake umewekwa mto wa kulalia uliochongwa kwa kioo hicho hicho. Majina ya waliouawa yameandikwa kwa kuzunguka, kwa hiyo ukitaka kuyasoma ni lazima uzunguke nawe, polepole, ukipishana na wageni wenzako. Manyunyu yalikuwa yametua juu ya mto ule wa kioo kama jasho. Hatua chache mbele ni kanisa dogo la Mtakatifu Petro, ambako Anne amezikwa karibu na madhabahu, na binamu yake Catherine Howard yumo humo humo. Catherine alikuwa mke wa tano, bado kijana kabisa, aliyeuawa Februari 1542. Inasimuliwa kwamba usiku wa mwisho aliomba aletewe gogo la kukatia, ajifunze namna ya kuweka shingo. Mzee wetu alilisema hilo kwa sauti ya chini kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Nje kunguru wakubwa wa ngome walikuwa hawana habari na msiba wa mtu. Mmoja alimpokonya mtoto pakiti ya kripsi, akaifungua kwa ustadi wa mwenye duka.

Kutoka hapo nilivuka Tower Bridge kwa miguu na kuandama ukingo wa kusini mpaka soko la Borough, chini ya matao ya reli. Treni zinanguruma juu ya kichwa, na chini harufu zinagombania pua yako: mkate wa moto, kahawa, samaki wabichi juu ya barafu, vitunguu vikikaangwa. Nilikula mkate uliochomwa na jibini na vitunguu, ule unaovutika nyuzi mpaka unaona haya, kisha stroberi za msimu zilizomwagiwa krimu. Muuzaji aliniita “love”, neno ambalo akina mama wa sokoni humwitia hata mtu wasiyemjua, akaniongezea stroberi mbili juu kwa sababu, alivyosema, nimetembea kutoka mbali.

Boti ya kwenda Westminster ilikuwa imejaa na madirisha yamepata ukungu, basi nikasimama nje na upepo. Daraja la London la zamani lilisimama hapa karibu, na juu ya lango lake vilichomekwa vichwa vya waliohukumiwa. Catherine Howard alipopelekwa ngomeni alipitishwa chini yake, na vichwa vya wanaume wawili waliouawa kwa ajili yake vilikuwa juu. Leo juu ya daraja hapo kulikuwa na mabasi mekundu na watu wakiipungia boti mikono.

Bibi mmoja mwenye mkongojo alinisogelea kunionyesha kuba la kanisa la St Paul's, na aliposikia safari yangu akaanza kunihesabia wake wa mfalme kwa vidole, kwa kibwagizo ambacho watoto wa Uingereza hufundishwa shuleni. Kisha akaniuliza nimependa yupi. Yeye chaguo lake lilikuwa Anne wa Cleves, mke wa nne, Mjerumani aliyeolewa Januari 1540 na ndoa yake kubatilishwa Julai ya mwaka ule ule. Hakupinga, hakulia mbele za watu. Akapewa kasri la Richmond na mali ya kutosha, akaitwa dada wa mfalme, akaishi hadi 1557, akiwa wa mwisho kufa kati ya wake wote sita. “Alitoka na shingo yake na nyumba,” bibi aliniambia, kwa fahari ya mtu anayemsifu jirani.

Kaburi la Anne huyo liko Westminster Abbey, kusini ya madhabahu kuu, jiwe la chini chini ambalo watu hulipita macho yakiwa darini. Inama uone: herufi A na C chini ya taji, vichwa vya simba, na mafuvu yaliyochongwa kwa uangalifu. Mhudumu mwenye joho aliyeniona nimeinama aliniambia kuwa wachache hulitafuta, kisha akaacha alichokuwa akifanya ili anipeleke kwa watoto wa mfalme.

Watoto hao wametawanyika ndani ya jengo hili moja. Humu amezikwa Henry mdogo, mwana wa mke wa kwanza, Catherine wa Aragon, aliyezaliwa siku ya Mwaka Mpya 1511, nchi ikasherehekea, akafa baada ya siku 52. Humu amezikwa Edward, mwana wa Jane, yule mrithi aliyetafutwa kwa gharama yote ile: alipata ufalme akiwa na miaka 9, akafariki 1553 akiwa na 15. Na katika ujia wa kaskazini wa kikanisa cha nyuma, penye dari la mawe lililosukwa kama ukili, wamelala mabinti wawili ambao baba yao aliwahi kuwatangaza kuwa si wa halali. Mary, binti wa Catherine wa Aragon, alitawala miaka mitano, na chini yake Waprotestanti karibu 280 walichomwa moto. Elizabeth, binti wa Anne Boleyn, alifungwa na dada yake katika ile ile ngome ya asubuhi mwaka 1554, akaishi akatawala miaka 44. Jeneza la Elizabeth limewekwa juu ya la Mary. Sanamu iliyolala juu ni ya mdogo mtu peke yake, pua kali, mkono umeshika fimbo ya enzi. Mkubwa amepata jina lake katika maandishi ya Kilatini tu. Watu wanasimama hapa muda mrefu kuliko penginepo.

Kituo cha Waterloo si mbali kwa miguu, ng'ambo ya daraja. Treni yangu ilichelewa, ikabadilishiwa jukwaa, tukakimbia wote pamoja, mabegi, watoto na mbwa mmoja mwenye subira, na ndani ya behewa watu wasiojuana wakaanza kuzungumza kwa sababu hiyo. Baada ya nusu saa na zaidi kidogo unashuka Hampton Court, unavuka daraja, na jua la alasiri limekwisha amua kubaki. Matofali mekundu ya kasri yanang'aa, hakuna bomba la moshi lililofanana na lingine, na mawaridi yamechanua mpaka yanaelemea njia. Kadinali Thomas Wolsey ndiye aliyelijenga. Mfalme akalipenda, likawa la mfalme.

Anzia jikoni. Magogo ya moto bado huwashwa katika tanuri pana kama chumba cha kulala, na moshi unaingia nguoni nawe huchukii. Panda kwenye Ukumbi Mkuu uangalie nakshi za mbao: herufi H na A, za Henry na Anne Boleyn, zimebaki huko juu ingawa mwenyewe alifutwa kila pengine. Kanisa la ndani lina dari la buluu lenye nyota za dhahabu. Edward alibatizwa hapo tarehe 15 Oktoba 1537, Mary akiwa mama yake wa ubatizo, na Elizabeth, wa miaka minne, akibebwa. Siku tisa baadaye Jane akafariki. Hapa kasrini pia, Julai 1543, mfalme alimwoa wa sita, Catherine Parr.

Picha iliyonisimamisha ilichorwa karibu 1545. Mfalme amekaa katikati kwenye dhahabu, Edward kando yake, na mke aliyeketi ubavuni ni Jane, aliyekwisha kufa miaka minane. Catherine Parr, aliyekuwa mke wakati huo na aliyewalea watoto hawa kwa upendo, hayumo. Mabinti wamesimamishwa nje ya nguzo, kila mmoja upande wake, na katika mlango wa nyuma mchekeshaji Will Somers amebeba kima begani. Nusu ya siku nzima imo katika fremu moja, ila mchoraji hakujua mwisho: mmoja wa hao wa nje ya nguzo ndiye atakayetawala muda mrefu zaidi.

Saa tatu usiku bado kulikuwa na mwanga, nami nilikuwa ukingoni na samaki na chipsi zilizolowa siki, nikiwakinga bata. Ukiwa na siku ya pili, mto utakufikisha juu zaidi, Windsor, ambako Henry mwenyewe yuko chini ya jiwe la sakafu analogawana na Jane na wengine. Kaburi la fahari alilolipanga halikukamilika. Ila mimi ningekushauri uende Peterborough, chini ya saa moja kwa treni ya haraka kutoka King's Cross. Catherine wa Aragon, mke wa kwanza, alizikwa huko Januari 1536 akiwa amenyimwa cheo chake. Leo juu ya kaburi lake herufi za dhahabu zinamtaja kuwa malkia wa Uingereza, na watu humletea maua na makomamanga, tunda la nembo yake. Nenda na lako. Hakuna atakayekushangaa, watakuonyesha pa kuliweka.