Saa Moja ya Padeli Mjini Muscat

Mgeni afikaye Muscat usiku huziona taa kabla ya kuuona mji. Asubuhi ndipo milima inapojitokeza, mikavu, isiyo na mti wala nyasi, ikiwa imeziinamia nyumba nyeupe zilizopangwa hadi karibu na bahari. Hata hivyo, tulipoamka nyumbani kwa Shangazi katika mtaa wa Al Khuwair, si milima iliyotustaajabisha bali lugha. Muuza mkate alitusalimu kwa Kiswahili cha Unguja, na mzee aliyeketi kando yake akatuuliza habari za Tanga kana kwamba aliondoka huko juzi. Wako wengi wa namna hiyo mjini humo. Ni watu wa familia zilizoishi Afrika Mashariki kwa vizazi, wakarejea Oman hasa baada ya mwaka 1970, Sultan Qaboos aliposhika utawala na kuwaita wananchi waliokuwa nje warudi kuijenga nchi.

Sisi tuandikao makala haya ni mke na mume. Kalamu imeshikwa na mume, ambaye ni katibu wa kamati ya msikiti wa mtaani kwetu, lakini kila sentensi imesomwa na mke, na mbili zimefutwa kwa amri yake. Tumeoana miaka tisa na Allah Subhanahu wa Ta'ala ametujaalia watoto watatu. Shangazi, dada wa baba yake mke, ndiye aliyetutumia tiketi mwezi wa Novemba, akasema anataka kutuona kabla macho yake hayajachoka. Watoto tuliwaacha kwa bibi yao.

Siku tatu za mwanzo tulikwenda kila mahali mgeni apaswapo kwenda. Tuliuzuru Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, ambao zulia la ukumbi wake mkubwa lina uzito wa tani 21 na lilifumwa kwa muda wa miaka 4. Tulipita katika soko la Muttrah, tukanunua ubani wa Dhofar, kisha tukatembea jioni kando ya bahari tukiyatazama majahazi. Ni matembezi ambayo mke na mume wengine wangeyaomba kwa dua. Sisi tulitembea huku mmoja akiuliza kama ada ya skuli imelipwa, na mwingine akijibu kuwa ujumbe wa kamati haujajibiwa kwa sababu mtandao ni dhaifu.

Usiku wa tatu, baada ya chakula, Shangazi aliweka birika la kahawa chini akatutazama kwa zamu.

"Wanangu, nimekusikilizeni siku tatu," akasema. "Mmeulizana luku, ada, na dawa ya kikohozi ya mtoto. Sijasikia mmoja wenu akimchekesha mwenziwe hata mara moja. Nyinyi ni mke na mume au ni washika hesabu?"

Hatukuwa na jawabu. Ukweli ulikuwa mzito kuliko alivyoufahamu mume wakati ule. Shangazi alikuwa amekwisha kumwomba mke abaki naye Muscat hadi karibu na Ramadhani, ampokee kazi za nyumba na apumzike, na watoto wakae kwa bibi yao hadi hapo. Mke alikuwa amekubali. Aliyekuwa hajaambiwa ni mume.

Kesho yake mtoto wa Shangazi alikuja na habari kuwa ametukodia uwanja wa padeli, saa tatu hadi saa nne usiku, baada ya Isha. Mume alitaka kukataa. Alidhani ni mchezo wa vijana, na tena alikuwa na muhtasari wa kikao wa kuandika. Shangazi akasema muhtasari hautakimbia, akachukua mtandio wake, chupa ya kahawa na sahani ya halua, akatangulia garini.

Ndugu msomaji asiyeujua mchezo huu, padeli ulianzia nchini Mexico mwaka 1969. Mtu mmoja aitwaye Enrique Corcuera alijenga uwanja wa mpira nyumbani kwake katika mji wa Acapulco, na kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu aliuzungushia kuta ili mpira usitoke. Mwaka 1974 mchezo ukafika Marbella, Hispania, na kutoka huko ukaenea. Katika nchi za Ghuba umepokewa kwa shauku kubwa katika miaka ya karibuni. Mashindano ya dunia yamefanyika Doha mwaka 2021, Dubai mwaka 2022, kisha Doha tena mwaka 2024. Huko jua la mchana haliruhusu mtu kukimbia sehemu kubwa ya mwaka, hivyo mchezo wa kumbi na wa taa za usiku unawafaa.

Uwanja wake una urefu wa mita 20 na upana wa mita 10, wavu katikati, na nyuma ya kila upande kuna ukuta wa kioo. Kibao hakina nyuzi. Ni kizito kidogo, kina matundu, na kimefungwa kamba ya kuvaliwa mkononi. Anayeanzisha huudundisha mpira chini, kisha huupiga akiwa hajauinua kupita kiuno. Kwa sababu hiyo hakuhitajiki nguvu nyingi, na mtu ambaye hajawahi kushika kibao maishani huweza kuurudisha mpira katika dakika kumi za mwanzo. Kwa kawaida huchezwa na watu wanne. Sisi tulicheza wawili, pembe kwa pembe, maana ukumbi ulikuwa wa uwanja mmoja, na kijana yule alipokwisha kutufundisha alitoka nje akatuachia mlango umefungwa. Alibaki Shangazi peke yake katika kiti cha pembeni. Mke alivaa suruali pana chini ya gauni refu, na hijabu yake aliibana vizuri. Mume alivua kanzu akabaki na suruali na fulana, na viatu vya raba vya kuazima vilivyompwaya.

Mipira mitano ya mwanzo mume aliipiga yote ikaangukia wavuni. Wa sita aliukimbilia kwa hasira, kiatu kikabaki nyuma, akateleza akaketi chini. Hapo mke akacheka. Hakutabasamu kwa adabu kama afanyavyo mbele ya wageni. Alicheka hadi akaegemea kioo, kibao kikining'inia mkononi. Mume, akiwa bado chini, alijaribu kukumbuka ni lini alikisikia kicheko kile kwa mara ya mwisho, na hakupata mwaka.

Ugumu wa padeli kwa mwanafunzi ni kile kioo. Mpira ukidunda upande wako na kukupita, bado haujapotea; hugonga ukuta ukarudi, nawe waweza kuupiga maadamu haujadunda mara ya pili. Mke alilifahamu jambo hilo mapema. Aliuacha mpira upite, akageuka, akausubiri, akaurudisha polepole mahali ambapo mume hakuwapo. Mume yeye aliukimbilia kila mpira kabla haujafika.

"Usiuwahi!" Shangazi akamwambia kutoka kitini. "Uache ufike mwisho wake, utakurudia wenyewe."

Saa ilipokwisha, mke alikuwa ameshinda seti moja, sita kwa mbili. Shangazi alitumiminia kahawa, kisha akasema anakwenda kumtazama mwanawe nje. Tukabaki wawili kwenye benchi, jasho likitukauka. Ndipo mke aliposema, bila kumtazama mume, "Nimeshamwambia Shangazi kwamba nitabaki."

Mume alikuwa na jawabu tayari. Angeweza kutaja watoto, haki, na gharama ya kubadilisha tiketi. Angeweza hata kusoma aya, kwani ndivyo afanyavyo anapoitwa kwenye kesi za watu. Lakini mkono wake ulikuwa bado unauma kwa mipira yote aliyoiwahi, na hakusema kitu. Kimya kilikuwa kirefu. Kisha mke akaendelea. Alisema hakuchoshwa na kazi za nyumbani wala na vikao vya msikiti, maana alijua tangu siku ya posa kuwa anaolewa na mtu wa msikiti. Kilichomchosha ni kwamba ugomvi wa kila nyumba mtaani unapata saa mbili za katibu, akiusikiliza hadi mwisho na kuuandika katika daftari. Yake yeye hujibiwa kabla hajamaliza kuyasema.

Lilikuwa kweli, na mume alikiri. Katika daftari hilo la suluhu, tusemalo kwa uzoefu, kesi chache sana zilianza kwa kosa kubwa. Nyingi zilianza na watu wawili waliobaki kuwa wasimamizi wa nyumba moja, hawana tena jambo wanalolifanya pamoja lisilo la kulipia, kununua au kulea.

Katika njia ya kurudi tulizungumza juu ya hadithi tuliyoisoma sote chuoni, ambayo Abu Dawud ameipokea, ya Mtume (s.a.w.) kushindana mbio na Bibi Aisha (r.a.) wakiwa safarini. Mara ya kwanza Bibi Aisha alishinda. Baadaye, mwili wake ulipokuwa umenenepa, Mtume alimshinda, akamwambia kuwa ushindi huu ni kwa ule wa zamani. Katika mapokezi ya Imam Ahmad imeelezwa kuwa kwanza aliwaamuru watu watangulie mbele. Mume ameifundisha hadithi hiyo darsani mara nyingi, na kila mara aliishia kwenye mbio. Usiku ule mke ndiye aliyemwonyesha sehemu nyingine: kiongozi wa umma mzima, akiwa na msafara, aliwaondoa watu kwanza ili apate kuwa na mkewe. Na alikuwa akikumbuka, baada ya muda wote ule, nani alishinda mara ya mwanzo.

Tulirudi Tanga pamoja. Shangazi hakulalamika, alisema atatuita tena mwakani na watoto. Hatukununua vibao vya padeli, kwani bei yake haikuwa ya watu kama sisi. Fundi seremala wa mtaani alitukatia viwili kwa mbao nyembamba, akavisugua kwa msasa. Wavu wetu ni kamba ya kuanikia nguo, na kioo chetu ni ukuta wa nyuma ya nyumba, ambao sasa una madoa ya mpira. Siku yetu ni Jumanne baada ya Alasiri. Kamati imejulishwa kwa maandishi kuwa siku hiyo katibu hana kikao, na mwenyekiti, mzee wa miaka sabini, alipoulizia sababu akaelezwa, alitikisa kichwa, kisha akauliza kama fundi aweza kumkatia vibao viwili naye.

Wasomaji wetu hawahitaji kwenda Muscat. Panatosha ua wenye staha, vazi la heshima, mpira mmoja, na saa moja ambayo simu imebaki ndani. Yapo majuma ambayo tumeikosa Jumanne yetu, kwa msiba au kwa homa ya mtoto, na tumeona tofauti katika mazungumzo yetu. Tunamwomba Allah azitie rehema nyumba zenu na yetu. Hadi tunaandika haya, mke anaongoza kwa seti kumi na moja kwa saba, na hesabu hiyo ni mojawapo ya sentensi ambazo hakuzifuta.