Deni la Tabora

Jioni moja ya mwaka 1930 gari la moshi litokalo Kigoma kwenda Dar es Salaam lilisimama Tabora. Abiria waliambiwa kwamba litangoja saa moja, injini itiwe kuni na maji. Basi watu wakashuka kununua karanga na asali.

Mzee mmoja wa Ujiji, aliyesafiri na mjukuu wake, hakununua kitu. Aliitazama miembe ya mji akanyamaza. Mwaka 1885, reli isijakuwapo bado, alifika hapa kwa miguu, amechukua jino la ndovu begani. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Lakini zamani zile safari ya kutoka hapa hata Bagamoyo ilikuwa ya miezi mitatu hivi.

Akasema, "Mjukuu wangu, hapa tulimwacha mwenzangu, ana homa. Huko pwani nilipokea ujira wangu na wake. Niliporudi nilikuwa nimekwisha kuutumia wote. Nikaona haya, nikaupita mji huu usiku."

Kisha akafungua ncha ya shuka yake, akatoa shilingi kumi, akashika njia ya sokoni.

"Babu, gari litatuacha!"

"Likituacha, jingine litakuja. Lakini mimi sitapita hapa tena."

Sokoni walimkuta mzee auzaye kahawa. Akawaambia, "Mpagazi yule alipona, akaoa papa hapa. Kila msafara ulipoingia alikwenda njiani kuuliza habari za mwenzake. Hakuuliza habari za fedha. Aliuliza kama yu hai. Amekwisha kufa. Binti yake ndiye yule auzaye asali stesheni."

Mara filimbi ikalia. Wakakimbia, mtoto akimvuta babu yake mkono. Gari lilikuwa limeanza kwenda walipopanda. Mzee akanyosha mkono dirishani, akamtia yule mama fedha kiganjani.

"Ni za nini, baba?"

"Ni za baba yako!"

Taa za Tabora zikapotea nyuma. Mjukuu alidhani babu yake atafurahi, kwa kuwa deni limelipwa. Lakini mzee alikaa macho usiku kucha. Hata alfajiri akasema, "Fedha nimelipa, mwanangu. Ile miaka aliyoningoja njiani, nitamlipa nani?"