Ramani na Rangi Zake

Katika zama zetu za shule, ramani iliyotundikwa ukutani ilikuwa kitu cha fahari kuliko cha manufaa: nchi zote zilizotawaliwa na Mwingereza zimepakwa rangi ya waridi, majina yamesongamana hata hujui lipi la mji na lipi la mto, na milima imechorwa kwa vistari vifupi vifupi vilivyotambaa kama viwavi, ukatambua kuwa pana mlima lakini usitambue kimo chake wala upande upi unapandika.

Hata zilipotufikia karatasi za skeli ya moja kwa hamsini elfu, zilizochorwa kwa picha za ndegeni na ile idara ya upimaji iliyoasisiwa Uingereza mwaka 1946 chini ya Martin Hotine, ndipo nilipoona ustadi hasa. Mito buluu, misitu kijani, barabara kuu nyekundu, majina meusi, na kontua za hudhurungi. Na hekima ya kazi yote ilikuwa katika uhafifu wa ile hudhurungi, ambayo hutulia chini ya mambo mengine bila kuyafunika, ila kila mstari wa tano umenenepeshwa kidogo ili jicho lihesabu pasipo taabu. Sentimita mbili za karatasi ni kilomita moja ya ardhi. Na palipobanana mistari, kama katika miteremko ya Usambara, mtu alijua kabla ya kufunga safari kwamba kilomita ile itamtoa jasho. Baadaye futi zikaondoka, mita zikaingia, nami sikuona hasara.

Simu za siku hizi zina ramani safi, ambazo majina yake huongezeka kadiri unavyoisogeza nchi karibu, na hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini aghalabu huficha vilima, zikamwonyesha msafiri duka la soda na kumnyima habari ya korongo lililo baina yake na duka hilo.

Linalonisikitisha zaidi, hata hivyo, ni nakala za karatasi zile zile wanazofanyia mazoezi wanafunzi wetu, zilizopigwa fotokopi kwa wino mweusi, mto na kontua na njia vyote vikawa kijivu kimoja, kisha mtoto akaamriwa aeleze maji yanaelekea wapi. Walimu wenzangu, ikiwa hapana fedha za kuchapisha kwa rangi, basi chukueni penseli ya buluu mkaipitishe juu ya mito kabla ya kuwagawia watoto.