Anayewauliza Wazee Ni Nani?

Wahenga walinena kwamba ujana ni moshi, ukienda haurudi. Hawakutuachia neno, hata hivyo, juu ya kinachobaki jikoni moshi huo ukiisha kupaa. Watu wengi huujua uzee kwa kuuona tu. Mama aliyekuwa akipanda kilima na debe la maji kichwani, sasa hupumzika mara tatu kabla ya kufika mlangoni kwake. Baba aliyekuwa akipiga kwata tangu alfajiri, sasa huamka mara nne usiku na wala hasemi kwa nini. Kuupima uzee, kuuliza sababu za maradhi yake na kutafuta njia ya kuupunguzia taabu ni kazi ya elimu. Na elimu hiyo, kama kazi nyingine yoyote, yahitaji watu na yahitaji fedha. Basi kila nyumba yenye mzee inayo haki ya kuuliza: fedha hizo hupewa nani?

Swali hilo laweza kutazamwa vema kutoka Gitega. Gitega inayotajwa hapa si mji wa Burundi, bali ni kata iliyomo katika wilaya ya Nyarugenge, ndani ya jiji la Kigali. Ni kata ndogo kwa eneo lakini yenye watu wengi, na nyumba zake zimesongamana katika mteremko ushukao hadi kwenye mfereji wa Mpazi. Majirani zake ni Biryogo na Nyamirambo, mahali ambapo Kiswahili kina historia ndefu. Kigali ilipoasisiwa na Richard Kandt mwaka 1907, wakati wa utawala wa Wajerumani, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari na wafanya biashara, na hakikuondoka tena. Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi. Katika vichochoro vya upande huo wa jiji, bibi mmoja aweza kumwamkia jirani kwa Kinyarwanda, akapatana bei ya mboga kwa Kiswahili, kisha akasali kwa Kiarabu.

Wazee kama hao wanaongezeka. Sensa ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba Mnyarwanda aliyezaliwa wakati ule angetazamiwa kuishi miaka 51 hivi. Katika sensa ya mwaka 2012 umri huo ulifikia miaka 64.5, na katika ile ya mwaka 2022, wananchi walipohesabiwa kuwa 13,246,394, ulifikia miaka 69.6. Hiyo ni neema kubwa, lakini huja na mzigo wake. Wapo wazee ambao watoto wao wote waliuawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Hao huitwa Intwaza, na baadhi yao wametunzwa katika nyumba maalumu ziitwazo Impinganzima. Kwao ule usemi wa zamani, kwamba mtoto ndiye fimbo ya uzeeni, haukuwa na pa kusimama. Namna wanavyozeeka si jambo linaloweza kusomwa katika vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya wazee wa Ulaya.

HUJAMBO, SIJAMBO

Kila mtu ajuaye Kiswahili anajua kwamba mgonjwa akiulizwa, "Hujambo?" hujibu, "Sijambo," hata kama homa inamtetemesha. Mnyarwanda naye akiulizwa, "Amakuru?" hujibu, "Ni meza," yaani habari ni njema. Hiyo ni adabu, wala si uongo. Maelezo ya kweli hufuata baadaye, baada ya mgeni kuketi, kupewa kinywaji na kuulizia habari za watoto. Sasa achukuliwe mtafiti mgeni mwenye karatasi ya maswali arobaini na saa moja tu ya kuyamaliza. Atauliza, atajibiwa "sijambo", ataandika kwamba mzee huyu ni mzima, kisha atakwenda nyumba ya pili. Karatasi zikikusanywa na kujumlishwa, Gitega nzima itaonekana haina mgonjwa.

Ndivyo ilivyo kwa askari mstaafu pia. Mtu aliyezoea miaka ishirini kuripoti kwamba hali ni shwari hatamwambia mgeni kwamba mgongo unamuuma tangu alipoanguka katika mazoezi, wala kwamba usingizi humpaa. Lakini binti aliyelelewa katika nyumba za askari anajua lini "hali ni shwari" ni taarifa na lini ni pazia. Atangoja. Atauliza habari za kikosi cha zamani kwanza. Mwishoni atalisikia lile ambalo karatasi ya mgeni isingelipata. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

MIAKA ISHIRINI BILA WANAWAKE

Asidhani mtu kwamba kosa la kutazama upande mmoja ni la nchi changa pekee. Huko Marekani, katika jimbo la Maryland, ulianzishwa mwaka 1958 uchunguzi mkubwa wa uzee, ujulikanao kwa jina la mji wa Baltimore. Watu walipimwa na kurudiwa mwaka baada ya mwaka ili ionekane jinsi mwili unavyobadilika. Ulikuwa uchunguzi wa maana sana, lakini kwa miaka ishirini ya mwanzo waliopimwa walikuwa wanaume tu. Wanawake waliingizwa mwaka 1978. Kwa miongo miwili, basi, mojawapo ya chunguzi mashuhuri kabisa za uzee haikuwa na neno la kusema juu ya bibi, ingawa katika nchi nyingi, Marekani ikiwamo, wanawake ndio waishio zaidi ya wanaume na ndio wengi miongoni mwa wazee.

Waliouanza uchunguzi huo hawakuwa watu wabaya. Walianza na watu waliokuwa karibu nao, na waliokuwa karibu nao walifanana nao. Hapo ndipo penye hoja. Mtafiti huuliza maswali yaliyozaliwa na maisha aliyoyaona. Asichowahi kukiona hakimjii akilini kukiuliza. Njia mojawapo ya kuponya upungufu huo ni kuhakikisha kwamba watafiti wenyewe wanatoka katika nyumba za namna nyingi.

Wamarekani walilitambua hilo. Taasisi yao ya Taifa ya Uzee, iliyoanzishwa mwaka 1974, kwa miaka mingi ilikuwa na ruzuku kwa wanafunzi waliokuwa wakimalizia tasnifu ya shahada ya udaktari juu ya uzee, hasa waliotoka katika makundi yenye watafiti wachache: watu wa rangi zilizobaguliwa, walemavu, na wengine wa hali hiyo. Fedha hizo zilimsaidia mwanafunzi katika hatua ile ambayo wengi huangukia, yaani mwisho wa safari, wakati takwimu zimekwisha kusanywa na mfuko umekauka. Lakini mwaka 2025 serikali mpya ya Marekani ilifuta mipango ya namna hiyo katika idara zake, na mlango huo ukafungwa. Mlango ambao ufunguo wake uko mkononi mwa mtu mmoja waweza kufungwa asubuhi moja.

MLANGO WA AFRIKA MASHARIKI

Kwa bahati njema, Afrika nayo ilijitengenezea mlango. Mwaka 2008 vyuo vikuu na vituo vya utafiti vya nchi kadhaa viliungana katika umoja uitwao CARTA, unaoongozwa kutoka Nairobi na Kituo cha Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya cha Afrika, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini. Makerere, Nairobi, Moi na Dar es Salaam vimo, na Rwanda imo pia kwa chuo kikuu chake cha taifa. Wanaosaidiwa huwa ni wafanyakazi wa vyuo na vituo wanachama, wenye shahada ya pili, wanaotafuta shahada ya udaktari katika mambo ya afya na idadi ya watu. Hupata fedha za utafiti, na hukutanishwa katika semina nne ndefu, tangu kuandika pendekezo hadi kuitetea kazi yao.

Katika matangazo yake umoja huo uliweka sharti moja dogo lenye hekima. Mwombaji mwanamume alitakiwa awe chini ya miaka 40, bali mwanamke chini ya miaka 45. Miaka hiyo mitano si zawadi. Ni hesabu ya haki kwa miaka ambayo mwanamke aliitumia kuzaa, kulea na, mara nyingi sana, kumwuguza mama mkwe. Aidha, mama mwenye mtoto mchanga amewezeshwa kufika katika semina pamoja na mtoto na mlezi wake. Mtu aliyewahi kumwosha mzee kitandani, akamlisha na kumgeuza usiku, huleta chuoni ujuzi ambao maktaba haina.

Kituo hicho cha Nairobi chenyewe kimeonyesha faida ya kutazama pasipotazamwa. Katika mitaa ya Korogocho na Viwandani kiliwafuatilia wakazi kwa miaka mingi, na miongoni mwao walichunguzwa watu wa miaka 50 na zaidi. Kabla ya hapo ilikuwa rahisi kudhani kwamba wazee wa Afrika wako vijijini, chini ya mti, wakingojea wajukuu. Kumbe wengine wako mjini, katika chumba cha mabati, wakilipa kodi kila mwezi.

NGAZI ZA MPAZI

Yako mambo katika Gitega yanayongoja mtafiti wa kuyauliza. Kando ya mfereji wa Mpazi, nyumba za zamani zimebomolewa katika miaka ya karibuni, na wenye viwanja wakapewa makao katika majumba ya ghorofa yaliyojengwa papo hapo. Ni maendeleo, kwa maana mteremko ule ulikuwa wa hatari wakati wa mvua. Lakini bibi aliyezoea ua, jiko la nje na jirani wa kusemezana naye juu ya uzio, sasa ana ngazi. Je, anashuka mara ngapi kwa siku? Magoti yakikataa, nani humletea maji na maneno? Mwenye kufikiri swali kama hilo ni yule aliyemwona nyanya yake akisimama katikati ya ngazi, ameshika ukuta.

Achukuliwe, kwa mfano, binti wa askari aliyekulia hapo. Ana shahada ya pili na ni mhadhiri msaidizi. Ili aliulize swali lake kwa njia ya elimu, itampasa aandike pendekezo, lipitishwe na kamati ya maadili, apate kibali cha utafiti, awalipe wasaidizi, na aishi miaka mitatu au minne huku mshahara wake ukigawanyika kati ya karo za wadogo zake na dawa za mama. Bila ruzuku ataliacha swali, atafute kazi nyingine. Na hapana atakayemlaumu. Watakaopoteza ni wale wazee wa ngazi.

Wapo wanaosema kwamba elimu haina kabila wala jinsia, na kwamba fedha apewe aliye bora. Maneno hayo ni kweli kwa sehemu yake. Kipimo cha tasnifu lazima kiwe kimoja kwa wote. Mtihani usilegezwe kwa ajili ya mtu yeyote, maana mzee aliyetibiwa kwa takwimu mbovu haponi kwa sababu aliyeziandika ni mtoto wa jirani. Kinachotakiwa kupanuliwa ni mlango. Hali kadhalika, mwenyeji naye ana upofu wake: hudhani anajua, akaacha kuuliza, au huona haya kumwuliza mzee jambo la siri ambalo mgeni angeliuliza bila kusita. Kwa hiyo yafaa wawepo wote wawili, mwenyeji na mgeni, kila mmoja akimsahihisha mwenzake.

Lililo zito ni kwamba sehemu kubwa ya fedha za kazi hii imetoka mbali. Umoja wa CARTA umetegemea wafadhili kama vile Shirika la Carnegie la New York na shirika la misaada la Sweden, Sida. Na tangu mwaka 2002 Sweden hiyo hiyo iligharimia masomo ya udaktari katika chuo kikuu cha Rwanda. Shukrani ni wajibu, lakini mtegemea cha nduguye hufa maskini. Serikali za Afrika Mashariki zinazotenga fedha za kuwasomesha maofisa na wahandisi zingefanya vema kutenga pia za kuwasomesha watakaochunguza uzee, na kuangalia kwamba watoto wa makabwela, wa askari wa vyeo vya chini na wa wajane hawaachwi nje.

Na familia nazo zina kazi yao. Binti apendaye kusoma asiambiwe kwamba kumtunza bibi ni kazi yake peke yake. Kaka zake wana mikono pia. Naye mtafiti abishapo hodi, akaribishwe kwa heshima, kisha aulizwe maswali matatu: nani amemtuma, nani amemlipa, na majibu yatarudi lini hapa mtaani. Mtafiti mwema hatakasirika. Atayaandika maswali hayo katika daftari lake, na huenda yakawa ndiyo mazuri kuliko yote aliyokuja nayo.