Supu ya asubuhi haiondoi pombe mwilini

Jumatatu alfajiri, ukishuka daladala Tandika, wilayani Temeke, utakuta biashara ya kuwazindua waliokunywa Jumapili imeshachangamka. Huku sufuria ya supu ya makongoro inafuka, ndimu na pilipili pembeni. Kule wauza mizizi na magome wamepanga chupa za dawa chungu. Ukienda Mbagala, au ukivuka jiji hadi Tandale, Kinondoni, mambo ni yale yale.

Muulize muuzaji dawa yake inatibu nini. Orodha ni ndefu: tumbo, mgongo, nguvu za kiume na uchovu wa pombe, ambao wengine huuita mning'inio. Atakwambia inasafisha ini.

Je, inasaidia? Kwa sehemu, ndiyo. Mchuzi wa moto hurudisha maji na chumvi, na tangawizi hutuliza kichefuchefu. Lakini mwaka 2022 watafiti wa King's College London walichapisha mapitio ya majaribio 21 ya tiba za uchovu wa pombe. Dondoo ya karafuu, zao tunalolijua vizuri, ilikuwa miongoni mwa zilizoonyesha dalili njema, ila ushahidi wote ulikuwa wa kiwango cha chini sana.

Ini lina mwendo wake. Chupa moja ya bia ya mililita 500 huchukua takribani saa mbili kuisha mwilini, kwa wengine zaidi. Hakuna mzizi, supu wala kahawa inayoliharakisha.

Hapo ndipo familia inapoingia hatarini. Baba aliyeanza saa mbili usiku akanywa chupa sita, saa 12 asubuhi bado ana pombe kwenye damu. Kikombe cha dawa chungu kimemchangamsha, anajiona mzima, anawasha pikipiki ampeleke mtoto shule.

Mzazi, asubuhi kama hiyo mtoto apelekwe na mtu mwingine. Aliyekunywa apewe maji, uji na muda wa kulala. Kuzimua kwa bia nyingine kunaahirisha tu maumivu.

Na kama ni lazima kununua dawa ya asili, muulize muuzaji kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Chupa isiyo na lebo wala kipimo inaweza kuliumiza ini ambalo tayari limechoka. Nyumbani, iweke mbali na watoto.