Barua kutoka Pennsylvania: Kura ya Spika Inayopigwa kwa Sauti



Mjomba, uliniuliza kwenye simu inakuwaje watu wa chama kimoja wagombane hadharani juu ya nani awe spika, na uchaguzi wameshashinda. Simu haikutosha, ndiyo maana naandika.

Ninakokaa ni ng'ambo ya mto Susquehanna kutoka Harrisburg, kwenye maghala makubwa ya mizigo. Wenzangu wengi kazini ni wafuasi wa Republican, na mbunge wao, Scott Perry, ni wa chama hichohicho. Januari 2023 Republican waliingia Baraza la Wawakilishi la Marekani na viti 222, Democratic 212. Wabunge wao walikuwa wameshakaa kikao chao cha ndani na kumteua Kevin McCarthy awe mgombea wao wa uspika. Kwetu Tanzania, mambo yangekuwa yamekwisha. Lakini Januari 3 watu 19 wa chama chake walimnyima kura, na Perry alikuwemo.

Hapa spika hachaguliwi kwa karatasi ya siri. Karani anasoma majina kwa alfabeti, kila mbunge anatamka jina la anayemtaka, na kamera zinaonyesha. Siku nne nzima hakuna mbunge aliyeweza kuapishwa, kwa sababu hakukuwa na spika wa kuwaapisha. Tangu mwaka 1923 haikuwahi kutokea raundi ya kwanza ishindwe kumpata spika. Safari hii zilifika raundi 15.

Chumba chetu cha chakula kina televisheni juu ya friji. Wakati wa mapumziko walikaa pale mzee mmoja wa zamu yetu, Republican tangu ujana, na kijana anayeendesha gari la kunyanyulia mizigo, Republican naye. Jina la Perry liliposomwa na akataja mtu mwingine, mzee alisukuma sahani yake kando. Alisema wameungoja ushindi miaka minne, sasa wachache wanauchezea mbele ya wapinzani. Walio wengi wakishaamua ndani, aliyeshindwa anyamaze. Kijana akamjibu kwamba hakumtuma Perry kwenda Washington kunyamaza. Alitaka wabunge wapewe saa 72 za kusoma muswada kabla ya kuupigia kura, na bajeti ipitishwe kifungu kwa kifungu, isiletwe kama furushi moja usiku wa manane. Mzee hakupinga madai hayo. Alichopinga ni njia ya kuyadai.

Kisha mzee akapiga simu ofisi ya mbunge, palepale mezani. Akataja jina lake, namba ya posta ya mtaa wake, akasema: mwambieni ampigie kura McCarthy. Akashukuru, akakata. Kijana naye akapiga namba ileile, akasema kinyume chake. Mjomba, picha hiyo ndiyo ninayotaka uione.

Perry alimkatalia McCarthy raundi 11, akageuka raundi ya 12 baada ya kupata ahadi alizozitaka. Usiku wa kuamkia Januari 7 McCarthy akashinda kwa kura 216. Mojawapo ya ahadi ilikuwa kwamba mbunge mmoja tu angeweza kuleta hoja ya kumng'oa spika. Ikamla mwenyewe: Oktoba 3 mwaka huohuo wana-Republican wanane walipiga kura pamoja na Democratic, akaondolewa kwa kura 216 dhidi ya 210. Safari hii Perry alibaki na McCarthy. Mzee akamsifu, kijana akamnunia.

Wasikudanganye kwamba ugomvi wote ulikuwa wa heshima. Mwana-Republican Jim Jordan alipougombea uspika mwezi huo akakosa kura, wabunge waliomkataa walitishiwa maisha, na familia ya mbunge Don Bacon wa Nebraska ilitumiwa ujumbe wa vitisho. Huo ni uhalifu, na unatia hofu kwa sababu kura ya wazi ndiyo iliyowaonyesha wahalifu hao nani wa kumtisha.

Najua utasema ndiyo maana sisi tunapiga ya siri. Lakini tazama Februari 2022. Spika wetu, Ndugai, amejiuzulu, makada zaidi ya 60 wa CCM wamechukua fomu, Kamati Kuu ikarudisha jina moja, la Dk. Tulia Ackson. Wabunge wa chama wakaingia kwenye kura ya siri na jina moja la chama mkononi. Siri ile ilimlinda nani? Tena katiba yetu inasema mbunge akipoteza uanachama, ubunge nao umekwisha. Perry hakuwa na hofu hiyo. Hapa wanaomteua mgombea ni wapigakura wenyewe katika kura za mchujo. Uongozi wa chama unaweza kumnunia na kumnyima kamati, kiti chake hauwezi kukigusa. Ndiyo maana mzee na kijana walimpigia yeye simu, si makao makuu ya chama. Kwa hili, Mjomba, nawaonea wivu, na nasema waziwazi kwamba nalitaka kwetu.

Wewe umekuwa mwenyekiti wa tawi miaka mingi, na mbunge wetu alikuja mkutanoni mwaka ule wa kura ya spika. Ukinijibu nieleze: kuna mwanachama aliyesimama akamuuliza alimpigia kura nani, na kwa sababu gani? Na kama hakuna, nani alimzuia?